Nafasi ya Haidrojeni katika Mageuzi ya Nishati: Modeli Hupima Nini, na Mahitaji ya Nani?

1. Utangulizi

Katika mijadala ya kimataifa juu ya nishati, jina la haidrojeni limetajwa mno tangu mwaka 2020. Wako wanaoiita gesi ya kesho, itakayoshika mahali pa petroli, makaa ya mawe na gesi ya ardhini. Wako pia wanaoiona kuwa njia ndefu ya kupoteza umeme ambao ungefaa kutumika moja kwa moja. Ubishi wa pande hizo mbili hauwezi kukatwa kwa ufasaha wa wasemaji. Hukatwa kwa hesabu, na hesabu hizo hufanywa kwa chombo kiitwacho modeli ya mfumo wa nishati.

Suala hili laihusu Kongo kwa namna ya pekee. Maporomoko ya Inga, yenye uwezo unaokadiriwa kuwa takriban megawati 40,000, yametajwa mara nyingi kuwa mahali panapofaa kutengenezea haidrojeni ya kuuzwa ng'ambo. Hata hivyo, nchi hiyo hiyo ina watu wengi wasio na taa ya umeme nyumbani kuliko wale walio nayo. Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: kwanza, haidrojeni ni nini na inagharimu nini, pili, modeli hufanya kazi namna gani, na zimeonyesha nini, tatu, jinsi neno moja la Kiswahili, yaani "mahitaji", linavyofichua jambo ambalo modeli huweza kulificha.

2. Haidrojeni: jina, asili na rangi

Mwingereza Henry Cavendish aliibainisha gesi hii mwaka 1766. Baadaye Mfaransa Lavoisier aliipa jina lililoundwa kwa mizizi ya Kigiriki yenye maana ya "kizaa maji", kwa sababu gesi hiyo ikiungua hutoa maji. Wajerumani waliitafsiri fikra hiyo wakasema Wasserstoff, yaani kitu cha maji. Kiswahili kilikopa neno kwa kufuata matamshi ya Kiingereza, likawa haidrojeni. Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyesoma kemia kwa Kifaransa hulisikia neno lile lile bila "h" ya mwanzo wala mfuatano wa "ai". Hapa linatumika umbo lililozoeleka katika Kiswahili sanifu.

Jambo la kwanza la kukumbukwa ni kwamba, katika hesabu za nishati, haidrojeni huwekwa katika kundi la vibebaji, wala si la vyanzo. Aghalabu haipatikani ikiwa peke yake: katika maji imefungamana na oksijeni, na katika gesi ya ardhini imefungamana na kaboni. Kuitenga ni kutumia nishati nyingine. Kwa hiyo thamani yake kwa mazingira hutegemea nishati hiyo nyingine imetoka wapi.

Mwaka 2023 dunia ilitumia karibu tani milioni 97 za haidrojeni. Nyingi ilitumika katika kusafisha mafuta na katika kutengeneza amonia, ambayo ndiyo mama wa mbolea nyingi za chumvichumvi. Sehemu kubwa ilitokana na gesi ya ardhini na makaa ya mawe; ile iliyotengenezwa bila uchafuzi mkubwa haikufikia asilimia 1. Kila kilo moja inayotolewa katika gesi ya ardhini huacha angani takriban kilo 9 hadi 10 za kaboni dioksidi.

Ili kutofautisha asili hizo, wataalamu wamezoea kutaja rangi. Inayotokana na gesi ya ardhini huitwa ya kijivu. Ikiwa kaboni yake imekamatwa na kuzikwa huitwa ya buluu. Inayotokana na maji kwa umeme wa jua, upepo au mto huitwa ya kijani. Gesi yenyewe haina rangi yoyote. Lakini msemaji wa Kiswahili ana bahati katika istilahi hii: kijivu ni neno la jivu, na kijani ni neno la jani, hata maana imekwisha kukaa ndani ya majina yenyewe.

Njia ya kijani huitwa elektrolisisi. Nicholson na Carlisle waliigundua huko London mwaka 1800. Kwa wasomaji wa Katanga jambo hili si geni kabisa, kwani shaba ya Shituru, mjini Likasi, husafishwa kwa elektrolisisi pia. Katika birika la shaba, umeme hukusanya metali juu ya bamba. Katika birika la maji, umeme hutenga gesi mbili, kila moja upande wake. Tofauti iko katika matumizi ya baadaye. Bamba la shaba hupakiwa katika lori. Haidrojeni ni nyepesi kuliko vitu vyote: kilo moja katika hali ya kawaida hujaza mita za ujazo 11 au zaidi kidogo, na haigeuki kuwa kiowevu mpaka ipoe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Kuibana, kuipoza au kuigeuza kuwa amonia ili isafirishwe ni gharama nyingine juu ya gharama ya kwanza.

Kiasi cha nishati inayopotea njiani ndicho kiini cha ubishi wote. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kwahitaji takriban kilowati-saa 52 za umeme. Kilo hiyo ina ndani yake kilowati-saa 33 hivi zinazoweza kutumika. Ikirudishwa kuwa umeme, baada ya kubanwa na kuhifadhiwa, hubaki takriban theluthi moja tu ya umeme ulioanza safari.

3. Modeli ya mfumo wa nishati

Modeli si utabiri wa nabii. Ni orodha kubwa ya milinganyo inayowakilisha nchi au bara: mitambo, nyaya, mabomba, maghala na watumiaji wake. Msingi wake wa kihisabati uliwekwa na Leonid Kantorovich huko Leningrad mwaka 1939, alipotafuta namna ya kugawa kazi kati ya mashine za kiwanda cha mbao ili zitoe mazao mengi zaidi. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig alivumbua kanuni ya kupata jibu la hesabu za aina hiyo kwa haraka. Swali daima ni moja: chini ya masharti haya yote, ni mpango gani wenye gharama ndogo kuliko yote?

Hesabu hizo ziliingia katika nishati kwa nguvu baada ya msukosuko wa bei ya mafuta wa mwaka 1973. Chini ya Shirika la Kimataifa la Nishati iliundwa modeli iitwayo MARKAL, ambayo baadaye ilirithiwa na TIMES. Huko Laxenburg, nchini Austria, taasisi ya IIASA iliunda MESSAGE. Kwa muda mrefu vyombo kama hivi vilikuwa mikononi mwa wachache. Mwaka 2011 ilichapishwa OSeMOSYS, na mwaka 2018 PyPSA. Hizi mbili hutolewa bure, na yeyote aweza kusoma kila mstari wa programu yake. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida aweza kuanza kuzitumia kwa mfano mdogo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Modeli hulishwa mambo manne. La kwanza ni teknolojia zilizopo, pamoja na gharama na umri wa kila moja. La pili ni maliasili: maji ya mto, jua na upepo, saa kwa saa au msimu kwa msimu. La tatu ni mahitaji, yaani kiasi cha umeme, joto, chuma au mbolea kinachotakiwa. La nne ni masharti, kama vile kikomo cha kaboni dioksidi. Kisha kompyuta hutafuta mpango wa gharama ndogo, na kutoa majibu: mtambo upi ujengwe, wapi, mwaka gani, na uendeshwe saa ngapi.

Sharti moja ni la lazima kuliko mengine: kila saa, umeme unaotolewa ulingane na unaotumika. Hapo ndipo haidrojeni huingia. Tuseme adhuhuri jua limetoa umeme kuzidi matumizi. Modeli ina njia kadhaa: kuutupa, kuupeleka mbali kwa waya, kuuweka katika betri mpaka jioni, au kuugeuza haidrojeni. Betri hurudisha sehemu kubwa ya kilichowekwa, lakini ni ghali mno kuijengea akiba ya miezi. Haidrojeni hurudisha theluthi, lakini pango la chumvi chini ya ardhi laweza kuitunza kutoka kiangazi hadi majira ya baridi. Kwa hiyo modeli haichagui haidrojeni kwa kuipenda. Huichagua pale tu ambapo njia nyingine zimeshindwa au zimekuwa ghali zaidi.

4. Modeli zimeonyesha nini

Ukilinganisha matokeo ya modeli nyingi, mpangilio fulani hujirudia. Mahali panapowezekana kutumia umeme moja kwa moja, haidrojeni hushindwa. Mfano ni joto la nyumba katika nchi za baridi: vipimo 100 vya umeme, vikipita katika pampu ya joto, huleta nyumbani joto la vipimo 300 hivi, vikipita katika haidrojeni na kuchomwa, huleta takriban 60. Hali ni hiyo hiyo kwa magari madogo yanayoweza kutumia betri.

Haidrojeni hushinda mahali ambapo atomu yake yenyewe ndiyo inayotakiwa, au ambapo waya haufiki. Mbolea nyingi za chumvichumvi hazipatikani bila amonia, na amonia haipatikani bila haidrojeni. Chuma hupatikana kwa kuondoa oksijeni katika mawe yake. Kazi hiyo, ambayo kwa karne nyingi imefanywa na makaa, yaweza kufanywa na haidrojeni, kama mradi wa HYBRIT nchini Uswidi ulivyoonyesha mwaka 2021. Meli za safari ndefu na akiba ya msimu huingia katika kundi hilo pia.

Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Joule, kwa kutumia PyPSA, wafaa kutajwa. Neumann na wenzake waliuliza kama Ulaya isiyochafua anga ingehitaji mtandao wa mabomba ya haidrojeni. Waligundua kwamba mtandao huo ungepunguza gharama ya mfumo mzima kwa asilimia 3.4 kwa wingi. Na ukipanuliwa pamoja na mtandao wa umeme, punguzo lingekaribia asilimia 10. Waliongeza jambo lenye uzito: hakuna hata mmoja kati ya mitandao hiyo miwili uliokuwa wa lazima kabisa, mradi watu wakubali kulipa zaidi. Hilo ndilo fundisho la modeli njema. Haiamuru, huonyesha kila chaguo lina bei gani. Mwaka 2024 Ujerumani iliidhinisha mtandao wake wa msingi wa haidrojeni wenye kilomita 9,040. Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa, uliosaidiwa na hesabu. Haukufanywa na kompyuta.

Mambo mawili huyumbisha majibu kuliko mengine. Moja ni idadi ya saa ambazo mtambo wa elektrolisisi hufanya kazi kwa mwaka. Ukilala, riba ya mkopo wake hailali. Jingine ni riba yenyewe. Mtambo wa dola 1,000 uliojengwa kwa mkopo wa miaka 20 hulipiwa karibu dola 80 kila mwaka ikiwa riba ni asilimia 5. Ikiwa riba ni asilimia 15, malipo hufika karibu dola 160. Mashine ni ile ile, maji ni yale yale, lakini gharama imekuwa maradufu kwa sababu ya nchi ambamo mashine imesimikwa. Modeli inayotumia riba moja kwa dunia nzima huipa Afrika sura ya muuzaji wa bei rahisi, sura ambayo benki haziitambui.

5. Inga katika hesabu

Kwa upande wa saa za kazi, Inga ina neema isiyo ya kawaida. Mto Kongo huikata Ikweta mara mbili. Mvua zikipungua upande wa kaskazini, upande wa kusini hunyesha. Hivyo mto hupitisha kwa wastani zaidi ya mita za ujazo 40,000 kwa sekunde, na hautetereki sana kama mito mingine mikubwa. Mtambo wa elektrolisisi uliofungwa hapo ungeweza kufanya kazi karibu mwaka mzima, ilhali unaotegemea jua peke yake hufanya kazi sehemu ndogo tu ya saa za mwaka.

Yafaa kufanya hesabu ndogo ya mfano. Megawati 1,000 zikitumika mwaka mzima bila kukatika ni kilowati-saa bilioni 8.76. Kwa kilowati-saa 52 kwa kilo, zingetoa tani 168,000 hivi za haidrojeni. Maji yanayogeuka kuwa gesi ni lita 9 kwa kila kilo, yaani mita za ujazo milioni 1.5 kwa mwaka. Kiasi hicho hupita Inga katika muda usiofika dakika moja. Hofu ya kwamba haidrojeni ingeumaliza mto haina msingi. Kinachobanwa si maji, bali ni umeme: kwa umeme huo huo, kama kaya moja hutumia kilowati-saa 1,000 kwa mwaka, kaya zaidi ya milioni 8 zingehudumiwa, kabla ya kutoa upotevu wa njiani.

Historia ya Inga yaonyesha kwamba mgongano huo si wa nadharia. Inga 1 ilianza mwaka 1972 ikiwa na megawati 351, na Inga 2 mwaka 1982 ikiwa na megawati 1,424. Mwaka 1982 huo huo ulianza kutumika waya wa Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa takriban kilomita 1,700, kwa ajili ya migodi ya Katanga, jimbo lililoitwa Shaba toka 1971 hadi 1997. Waya ulipita juu ya vijiji vingi bila kuviachia umeme. Wapangaji wa wakati ule walikuwa na mtumiaji mmoja mkubwa katika hesabu zao, na hesabu ikamfuata.

Mwaka 2020 Ujerumani, katika mkakati wake wa kitaifa, ilikadiria kwamba ifikapo 2030 ingehitaji haidrojeni ya terawati-saa 90 hadi 110, huku ikitarajia kutengeneza nyumbani 14 tu. Zilizobaki zingetoka nje. Mwaka 2021 kampuni Fortescue ya Australia ilijadiliana na serikali ya Kongo juu ya kuitumia Inga kwa haidrojeni. Mwaka 2025 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 250 kuwa mwanzo wa mpango wa matayarisho ya Inga 3. Yote haya yanaonyesha kwamba swali la nani atapewa megawati zipi halijafungwa.

Afrika imekwisha kupata mafunzo yake. Huko Aswan, nchini Misri, umeme wa mto Nile ulitumika kwa miongo kadhaa kutengeneza haidrojeni ya mbolea. Huko Kwekwe, nchini Zimbabwe, kiwanda cha Sable Chemicals kilifanya vivyo hivyo toka miaka ya 1970, kwa mtambo wa elektrolisisi uliokuwa miongoni mwa mikubwa duniani. Mtambo huo ulifungwa mwaka 2015, umeme ukiwa haba nchini na bei yake ikiwa nzito kwa kiwanda. Kilichokosekana Kwekwe si ujuzi wala maji. Ulikosekana umeme wa kuwatosha wote.

6. Neno "mahitaji"

Msomaji atakumbuka kwamba modeli hulishwa mambo manne, na la tatu ni mahitaji. Kifaransa hutenganisha maneno mawili: besoin ni kile ambacho mtu amekikosa, na demande ni kile alichokwenda kukinunua. Kiswahili hutumia "mahitaji" kwa yote mawili. Katika vitabu vya uchumi hutajwa "ugavi na mahitaji", na neno hilo huwa na maana ya demande. Katika mazungumzo ya nyumbani, mahitaji ni chakula, dawa, karo na mwanga, ziwepo fedha au zisiwepo.

Waundaji wa modeli hutumia maana ya kwanza. Huchukua takwimu za mita za umeme, wakaziongeza kidogo kidogo kwa kufuata ukuaji wa watu na uchumi. Lakini nchini Kongo takriban mtu mmoja tu kati ya watano hupata umeme. Kaya isiyo na mita haionekani. Jikoni mwake kuna makala, kwa maana ambayo kila mkaaji wa Lubumbashi anaijua, yaani makaa ya miti; na makala hayo hayaandikwi katika daftari la shirika la umeme. Katika milinganyo, kaya hiyo ina mahitaji sifuri. Kompyuta, ikiona Inga kubwa na mahitaji madogo, hutangaza kwamba umeme uliobaki ni wa ziada, na kwamba matumizi bora ya ziada ni haidrojeni ya kusafirisha. Hesabu imefanyika sawasawa, na jibu ni potovu.

Makosa hayo hayatokani na hisabati. Yanatokana na tafsiri: besoin imefichwa nyuma ya demande. Ndiyo sababu istilahi si pambo katika elimu ya nishati. Ingefaa maandishi ya Kiswahili yatenganishe "haja", kwa maana ya kile kinachokosekana, na "mahitaji yaliyopimwa", kwa maana ya kile kinachosomwa katika mita. Mtafiti anayeandika "mahitaji" bila kufafanua amekwisha kuchagua upande, hata kama hakukusudia.

Dawa yake ndani ya modeli yajulikana. Haja ya kaya huwekwa kama sharti: ifikapo mwaka fulani, kila kaya ipewe kiasi fulani cha umeme, na gharama ya nyaya ihesabiwe wazi. Kisha modeli huulizwa upya kuhusu haidrojeni. Huenda jibu likawa bado ni ndiyo, lakini kwa sura nyingine: kwa mfano, mbolea ya kutumika mashambani mwa nchi yenyewe kabla ya amonia ya meli.

7. Hitimisho

Haidrojeni ina nafasi katika mageuzi ya nishati, nafasi isiyo kubwa kama wasifiaji wake wanavyodai, wala si ndogo kama wapinzani wake wanavyotaka. Ni gesi ya mbolea, chuma, meli na akiba ndefu. Si gesi ya kupikia wala ya kuwashia taa. Modeli husaidia kuuona mpaka huo, kwa sharti kwamba atakayesoma matokeo yake aulize maswali matatu: riba gani imetumika, saa ngapi za kazi zimekadiriwa, na mahitaji ya nani yamehesabiwa.

Katika modeli inayopangwa Berlin, haidrojeni ya Inga ni bidhaa inayoingia, yenye bei tu. Katika modeli ambayo ingepangwa Kinshasa au Lubumbashi, ingekuwa mzigo mmoja kati ya mizigo mingi inayogombea mto mmoja. Modeli ya pili haiwezi kuandikwa na ya kwanza. Vyombo vya kuiandikia vinatolewa bure, na maneno ya kuielezea yamo katika Kiswahili. Kazi iliyobaki ni ya wahandisi, wanauchumi na wanaisimu wa vyuo vikuu vya Kongo kukaa meza moja, kabla mkataba mkubwa haujatiwa sahihi.